Chupa ya Mafuta ya Taa Bwenini

Asalaam aleikum, wazazi wangu. Mmeniita niseme kuhusu watoto na michezo shuleni. Nitasema yaliyonipata mimi, majina ya watu nitayaacha.

Nimekulia hapa hapa Old Kampala, dukani kwa baba. Kidato cha pili nikahamishiwa shule ya bweni. Wenzangu walikuwa wameshazoeana. Mwezi mzima nilikula peke yangu. Walioniita mezani kwao ni wasichana watatu ambao kila mtu aliwaogopa. Ndugu zangu, nawaambia kweli, mtoto mpweke hachagui rafiki. Wakisema iba sabuni, naiba. Wakisema mtukane metroni, namtukana.

Kwa matusi hayo niliadhibiwa kuokota mipira ya timu ya netiboli kila jioni. Siku moja mlinzi wa goli akaumia, mwalimu wa michezo akaniingiza uwanjani. Sikujua kitu. Lakini nahodha alikuwa akiniita kwa jina langu: rudi nyuma, mshike huyo, hapo hapo. Adhabu ikaisha, nikaendelea kwenda.

Wale watatu hawakupenda. Mkuu wa shule alipofuta safari yetu ya matembezi, wakaamua kuchoma bweni. Mimi nikapewa kiberiti na chupa ya mafuta ya taa.

"Saa kumi wote watakuwa uwanjani," walisema. "Usipofanya, wizi wote tutasema ni wako."

Nilikwenda, sitawadanganya. Nilishamwagia godoro la kwanza niliposikia mtu anakohoa. Nahodha. Malaria ilikuwa imemlaza kitanda cha mwisho, amejifunika hadi kichwani.

"Ni wewe?" akauliza. "Mwambie mwalimu kesho nitacheza."

Kisha harufu ikamfikia. Akaitazama chupa, akanitazama mimi. Hakuwa na nguvu za kukimbia.

"Nisaidie niinuke," akasema polepole.

Nikaweka chupa chini. Nikamshika, akaniegemea, tukatembea hivyo hadi kwa mwalimu wa michezo. Nikamweleza yote, hata sabuni.

Nilisimamishwa masomo muhula mzima. Baba alinikasirikia sana. Kamati ya nidhamu ilipokaa ili inifukuze kabisa, timu nzima ilikuja kusimama mlangoni, na nahodha akaomba kusema. "Aliyeleta mafuta ndiye aliyenitoa," alisema. "Mkimfukuza, atarudi kwa nani?"

Wakanirudisha.

Mzazi anayesema michezo inakula muda wa masomo, namwelewa. Hata baba alisema hivyo. Lakini uliza jioni mwanao yuko na nani. Angekuwa mtu nisiyemjua pale kitandani, sijui ningefanya nini. Hilo linanitisha mpaka leo.

Namshukuru mwalimu aliyenisikiliza bila kunipiga. Nawashukuru wasichana wale wa mlangoni. Na baba, uliyekaa pale nyuma, asante kwa kunirudisha shuleni na kuninunulia viatu vya kuchezea, ukiwa bado umenikasirikia.