Kioo Nilichompa Salome

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Asanteni. Naona wengine mmeitikia kwa mashaka, na siwalaumu. Mara ya mwisho nilipewa dakika kumi nikatumia arobaini, na wali wa kina mama kule jikoni ukapoa. Leo nimeandika kwenye karatasi. Mchungaji ameniambia, "Ndugu Gervas, shuhudia, usifundishe." Nitajitahidi. Mtu aliyesomea fasihi chuo kikuu akishika kipaza sauti, wanaoteseka ni wengi.

Mimi nilizaliwa mtaa wa Gerezani, jirani na karakana za reli, katika ukoo wa wezi. Nalisema hivyo hivyo, bila kulivika suti. Baba alikufa nikiwa mdogo, nikalelewa na kaka yake, Baba Mkubwa, mwenye duka la vipuri vya magari. Vipuri vile karibu vyote vilitoka kwenye magari ambayo wenyewe walikuwa bado wanayatumia. Vioo vya pembeni, zile saiti mira, ndiyo ilikuwa kazi yetu kubwa. Umeegesha gari Upanga, umepanda ghorofani kumjulia hali shangazi, unashuka, gari halina masikio. Kesho yake unakuja Gerezani umefura hasira, unanunua kioo, unashukuru, unaondoka. Ndugu yangu, umenunua kioo chako.

Wenye magari wakaanza kukwaruzisha namba za gari kwenye vioo. Sisi tukatafuta fundi wa kuzisugua zikaisha. Lakini kuna siri moja, nayo naomba muishike, maana ndiyo iliyoniangusha. Kioo kilichosuguliwa, ukikisogeza mdomoni na kukipulizia pumzi ya moto, namba zinarudi. Zinarudi hafifu, kwa muda wa kuhesabu moja mbili tatu, halafu zinapotea. Mteja hakulijua hilo. Sisi tulilijua, na kina Mama Yona walilijua.

Mama Yona alikuwa mjane mwenye duka kama letu, upande wa Kariakoo, pamoja na vijana wake wa kazi na watoto wake wawili, Yona na Salome. Kulikuwa na mapatano ya zamani: magari ya Upanga ni yetu, ya Kariakoo ni yao. Anayevuka mpaka anaadhibiwa. Na ndugu zangu, hatukuwa na bunduki. Silaha yetu ilikuwa neno moja. Unamfuata mtu mpaka pale watu wamebanana, wapagazi, mikokoteni, machinga, kina mama na mafurushi, unanyoosha kidole, unapiga kelele "Mwizi!", unajichanganya na umati, unapotea. Kazi iliyobaki inafanywa na watu wema waliokuja kununua sare za shule. Kila ukoo ulikuwa umeshazika mtu wake kwa njia hiyo. Wezi tuliuana kwa kuitana wezi!

Mimi sikuwahi kufungua kioo cha mtu kwa mkono wangu, na kwa ujinga wangu nilidhani hilo linanifanya msafi. Kazi yangu ilikuwa kukaa kaunta na kuwatungia wateja historia. Shahada nzima ya fasihi, naitumia kukipa kioo wazazi.

Siku moja akaja msichana mrefu, kavaa kitenge cha njano.

"Kaka, mambo?"

"Poa dada, karibu. Hicho ulichoshika kimetoka Japani. Mwenyewe alikuwa daktari mstaafu. Gari analitoa Jumapili tu, kwenda kutazama maua."

Akakisogeza kioo mdomoni, akakipulizia, akasoma. "Daktari wa Japani ana namba ya Tanzania?"

Akacheka mpaka akashika kaunta.

"Mimi Salome, wa Mama Yona. Nimetumwa kuangalia kama mmevuka mpaka."

"Na tumevuka?"

"Mmevuka. Gari hili huwa linalala mtaani kwetu." Akarudisha kioo rafuni. "Lakini nitamwambia mama hamjavuka. Kwa ajili ya hayo maua."

Nilimpenda papo hapo. Miaka miwili tulikutana mchana, Upanga, kwenye kibanda cha bhajia cha mzee mmoja wa Kihindi ambaye hakuwahi kutuuliza majina. Aliwahi kutuambia jambo moja tu: "Nyinyi mnapendana kwa woga sana. Kuleni, bhajia zinapoa." Tulipanga kuhamia Iringa, yeye ashone, mimi nifundishe. Kila alipouliza lini, nilikuwa na jibu zuri. Baada ya Pasaka. Baada ya mvua. Baba Mkubwa akipona mguu. Nilikuwa fundi wa sababu.

Ikafika siku yake ya kuzaliwa. Mtu mwingine angenunua khanga. Mimi, msomi, nikataka zawadi yenye maana. Nikachukua kioo kimoja kwenye kapu la vioo vilivyokwisha kusuguliwa, kile kilichong'aa kuliko vyote, nikamwomba fundi akikate duara la ukubwa wa kiganja, nikakitengenezea fremu ya mninga. Nikamwambia Salome, "Hiki ni cha kwanza kutoka mikononi mwangu ambacho hakina hadithi ya uongo." Akalia kwa furaha, akakitia mkobani.

Ndugu zangu, sikukipulizia! Mtoto wa Gerezani, niliyekua kati ya vioo, sikukipulizia. Na yeye, msichana aliyepulizia kila kioo alichoshika maishani, hiki hakukipulizia, kwa sababu aliniamini.

Mama yake alikikuta mkobani siku ya pili. Yeye alikipulizia. Akasoma namba ya gari lake mwenyewe.

Binamu yangu Beno alikuwa amekwenda kuking'oa mlangoni kwa yule mama, makusudi, kama tusi, na hakuniambia. Kwa hiyo mama yule alijua mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba tumemtukana, na kwamba binti yake yuko nasi.

Yona hakuja na genge. Alikuja peke yake, saa saba mchana, akapita katikati ya vijana wetu kama anakwenda kununua soda. Akanipiga kofi moja mbele ya Baba Mkubwa. Kofi lile liliuma, lakini yaliyoniumiza zaidi ni maneno yake.

"Dada yangu unamtaka? Ungekuja nyumbani kwa miguu yako, na washenga, kama mwanamume. Ningekusindikiza mimi mwenyewe kwa mama. Unakuja kwa kioo cha mama yangu?"

Akaondoka. Miaka miwili nilikuwa namkimbia mtu ambaye angenifungulia mlango.

Baba Mkubwa alingoja vumbi litulie. "Ndani ya duka langu," akasema, taratibu. "Wewe ndiye uliyeharibu, wewe utatengeneza. Jumamosi saa nne Yona anapita kule kwenye maduka ya vitambaa, kila wiki anapita. Utasimama nyuma yake. Neno moja tu, msomi. Wala huhitaji sentensi."

"Na nisiposema, Baba Mkubwa?"

"Beno atakuwa nyuma yako. Atasema yeye. Na hatajali kidole chake kinaelekea kwa nani kati yenu."

Ilikuwa Jumatano. Nilikuwa na simu na siku tatu. Ningeweza kumwandikia Salome maneno manne tu: Yona asipite huko Jumamosi. Mnajua nilifanya nini? Nilianza kuandika ujumbe ule kwa kuomba msamaha. Haukunipendeza, nikaufuta. Nikaanza na mapenzi yetu, nikaufuta. Ijumaa jioni nilikuwa bado natafuta sentensi ya kuanzia. Mungu anisamehe. Mtu anakwenda kufa, mimi nahariri.

Jumamosi ikafika. Mtaa ulikuwa umefurika kama kawaida. Nilimwona Yona hatua kama kumi mbele yangu, begani ana jora la kitambaa, anabishana na mwuza maembe kuhusu embe bovu, anacheka. Anacheka kama dada yake, mwili mzima. Niligeuka nikamwona Beno, amesimama kando ya mkokoteni, ananitazama.

Nikafumbua mdomo. Nawaambieni kweli, sikujua kitakachotoka. Sikuwa mtu wa maombi. Kanisani nilikuwa naingia siku za harusi, na hata huko nilikuwa nasahihisha Kiswahili cha mchungaji kimoyomoyo. Lakini nilisema ndani yangu, Mungu, shika ulimi huu. Basi. Ndiyo sala yangu ya kwanza.

Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Shemejiii!"

Watu wakageuka. Machinga mmoja akadakia, "Shemeji, unaitwa! Mahari hiyo inakufuata!" Watu wakaangua kicheko. Yona akageuka akaniona. Nikaanza kumkimbilia, nimwambie tuondoke pale.

Hapo ndipo nilipokosea tena. Kariakoo, neno "mwizi" likitamkwa, mwizi ni yule anayekimbia. Beno akalitamka. Na aliyekuwa anakimbia ni mimi.

Sitawaeleza yote, kuna watoto humu. Nilianguka kwa pigo la kwanza. Nilisikia sauti ya mwanamke ikisema, "Hawa ndio wanaotumaliza," na alikuwa na haki, ndugu zangu, tuliwamaliza kweli. Jicho langu hili la kushoto liliishia pale. Kisha nikahisi uzito wa mtu juu yangu, na harufu ya embe. Yona alikuwa amenilalia, amenikumbatia kichwa, anapiga kelele: "Ni shemeji yangu! Jamani, ni shemeji yangu huyu! Mwacheni!"

Wengine waliacha. Wengine walikuwa mbali, hawakusikia, walikuwa bado wanarusha mawe.

Mimi nilizinduka hospitalini. Yona alikufa alasiri ile ile.

Siku ya tano nilimwona Mama Yona amesimama mlangoni mwa wodi, amevaa nyeusi, ameshika chupa ya chai. Nikajua amekuja kunimaliza, na nawaambieni, sikutafuta kengele ya nesi. Akavuta kiti, akakaa. Akamimina uji kwenye kikombe, akaupuliza upoe.

"Nimekaa matanga nikitafuta namna ya kukuua," akasema. "Namna ninazo nyingi. Lakini walionisimulia wote wananiambia neno moja. Mwanangu alikuita shemeji. Mbele ya watu. Ndilo la mwisho alilosema." Akanisogezea kikombe. "Nina mafundi wa kufuta namba yoyote, Gervas. Hili hawalifuti. Kunywa."

Nikanywa. Ndugu zangu, mlitaka kujua niliokoka lini? Wengine mliokoka kwenye mikutano, kwa nyimbo na mapambio, na Bwana asifiwe kwa hilo. Mimi niliokoka kwenye kikombe cha uji usio na sukari, nilioupokea kwa mwanamke niliyemsababishia msiba. Sikuona nuru. Niliona mkono uliotafuta namna ya kuniua unanishikia kikombe, na haukiondoi. Nikajua kuna kitu kikubwa kuliko ukoo wangu na kuliko elimu yangu, na kimekuja kunitafuta kitandani.

Nilipoweza kutembea nilikwenda kituo cha polisi kwa miguu yangu, kama Yona alivyosema mwanamume aende. Nikasema yote, ya vioo na ya Jumamosi. Beno alifungwa. Baba Mkubwa alikufa kesi ikiendelea, hajanisamehe. Mimi nilitumikia kifungo changu kwa ajili ya vioo, na kila mwezi mgeni wangu alikuwa mmoja tu, Mama Yona. Alikuwa amefunga duka lake. Alinisomea Neno kwenye dirisha la wageni, kwa sauti ya kukwama, maana shule aliishia darasa la nne, na mimi mwenye shahada nililia kama mtoto.

Na Salome? Mnauliza kwa macho, naona. Ningependa kuwaambia yuko pale kwenye kwaya. Hayupo. Alikuja gerezani mara moja. Alinirudishia kile kioo. Akasema, "Gervas, sikuchukii. Lakini nikikutazama, namwona Yona chini. Nitamwona kila asubuhi." Alikwenda Iringa peke yake. Anashona. Alipata mume, nasikia ni mtu mpole. Nimeombea ndoa ile, na nakiri mbele yenu, siku nyingine sala hiyo inatoka imekunjamana.

Kwa hiyo ushuhuda wangu hauna harusi. Nilimwomba Mungu ashike ulimi wangu, akaushika. Mengine yote yalianguka. Sijui kwa nini Yona na si mimi. Nimeacha kutunga jibu. Kila asubuhi nakitoa kile kioo, nakipulizia, namba ya gari la Mama Yona inarudi, inapotea. Ndivyo ninavyoanza sala.

Kama yupo humu anayesubiri Pasaka ipite, au mvua ikatike, ndipo aende kwa miguu yake kusema kweli, namsihi: nenda leo. Usitafute sentensi ya kuanzia. Kama huna sala, tumia ile yangu fupi, Mungu hakuiona fupi. Mwamini. Nimesimama hapa na jicho moja nikiwaambia, Yeye hupokea hata waliochelewa, ingawa kuchelewa kwenyewe hakufutiki.

Sasa naomba kumaliza, maana yule mama wa benchi la tatu, mwenye kilemba cheupe, ananionyesha saa. Huyo ndiye Mama Yona. Magoti yamemchosha, na kila Jumapili mimi ndiye ninayemshika mkono mpaka nyumbani kwake. Asubuhi nikimfuata huwa nabisha hodi, nasema, "Shikamoo, mama."

Naye, miaka yote hii, bila harusi, bila mahari, bila binti, hujibu kutoka ndani, "Marahaba, mkwe wangu. Pita."