Mama Namba Anaacha Dirisha

Baada ya miaka ishirini na sita ya kuandikisha wagonjwa wasioweza kutaja majina yao, mtunza kumbukumbu wa kliniki yetu ya mifugo anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Sote tunamwita Mama Namba. Mimi, karani wake, namwonea wivu, na nimemwomba ruhusa ya kuliandika hilo.

Alipoanza kazi, wanyama waliandikwa kwa majina. Mbwa walioitwa Simba walikuwa wengi mno, na mmoja nusura ahasiwe badala ya mwenzake. Ndipo akampa kila mnyama namba isiyoeleza chochote: si umri, si rangi, si mwenyewe ni nani. Alisema chenye maana hubadilika. Watu huhama, huuza ng'ombe, hupoteza simu. Kuna paka aliyebadilishwa hadi jinsia kwenye faili, daktari alipomtazama vizuri. Namba yake ikabaki ileile.

Wateja wakifika dirishani hunipita mimi na shahada yangu, wakamtafuta yeye. Hata kasuku wa fundi viatu humsalimia yeye tu. Nimejaribu kumhonga karanga.

Mwaka huu tuliunganishwa na kliniki ya mtaa wa pili, nao kumbe, kama sisi, walihesabu kuanzia moja. Mbuzi wetu na sungura wao wakawa na namba ileile. Kikaoni, meneja akataka tutumie namba ya simu ya mwenye mnyama. Nilijua mfugaji mwenye mbuzi kumi ana simu moja. Nilijua pia mkataba wangu unakaribia kwisha, nikainamisha kichwa. Mama Namba akaniuliza mbele ya wote: "Mwanangu, jana uliniambia nini?"

Nikaeleza. Kila mnyama apewe kitambulisho kipya kinachotungwa na kompyuta, cha kuunganisha kumbukumbu zake. Namba ya zamani ibaki kando, pamoja na jina la kliniki ilikotoka, kwa kumtafutia tu. Meneja akamtazama Mama Namba, si mimi.

"Namba zangu zimemaliza kazi," Mama akasema. "Fuateni za huyu."

Mpango ukapita, na mkataba wangu ukaongezwa. Wivu nao ukaongezeka, maana mimi nisingeweza kuachia kitu nilichokijenga miaka yote hiyo bila hata kununa.

Asante, Mama, kwa kazi safi uliyotuachia. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi na miaka mingi ya raha. Ukifuga paka huko nyumbani, mlete. Ila upange foleni kwenye dirisha langu.