Sidney Wafula Simiyu, 1968–2025: Fundi wa Ndege ya Mabomu

Tangu asubuhi wengi mmeuliza kama ile ndege itapita juu ya kaburi. Jibu lipo, na litasomwa kwa nafasi yake. Anayesoma ni Serah, mdogo wake marehemu, na ijulikane mapema kwamba yeye alitaka ipite.

Sidney Wafula Simiyu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Kimilili, Bungoma, mtoto wa tatu wa Mwalimu Simiyu na mama yetu, Nekesa. Alisoma hapo hapo Kimilili na kumaliza kidato cha nne mwaka 1985. Hakuwa wa kwanza darasani, na mama hakuwahi kulificha jambo hilo mbele ya wageni.

Mwaka 1988 aliingia chuo cha mafundi wa ndege Nairobi, akatoka na cheti mwaka 1991. Kwa miaka kumi alitengeneza ndege ndogo za watalii katika uwanja wa Wilson. Mwezi Mei 2001 alikuja Johannesburg kwa mkataba wa miaka miwili. Miaka miwili hiyo ndiyo iliyofika ishirini na minne.

Mwaka 2009 alichukuliwa na chama cha wapenzi wa ndege za zamani, kule Germiston, nje kidogo ya Johannesburg. Chama kina ndege moja ya kivita ya mwaka 1943, yenye injini mbili, iliyoundwa kudondosha mabomu. Siku hizi hubeba abiria saba wanaotaka kujua babu zao waliruka na nini. Vipuri vyake havitengenezwi tena. Sidney alivisaka katika mabohari ya watu, na alipovikosa alivichonga mwenyewe. Kabla ya kuwasha injini alizungusha propela kwa mkono, taratibu, ili mafuta yaliyotuama ndani yatoke. Mwaka 2016, abiria wakiwa wameshafunga mikanda, aliisikiliza injini ya kushoto kwa dakika moja, akasema, "Shukeni wote." Walinung'unika sana. Ilipofunguliwa ilikutwa na ufa. Hakuna aliyemwomba radhi, naye hakudai.

Tarehe 9 Desemba 2006, katika kanisa letu la Troyeville, alikuwa amemuoa Jeannine, fundi cherehani kutoka Uvira, Kongo, aliyeikimbia vita mwaka 1998. Kwa hiyo kazi hii mpya ilipoingia nyumbani, haikupokewa kwa vigelegele. "Sidney, uko unatengeneza kile kitu sisi tulikimbia," Jeannine alimwambia. Yeye akampeleka Germiston Jumamosi moja, akamfungulia ile milango ya tumboni mwa ndege ambako mabomu yalikaa zamani. Ndani mlikuwa na viti vya kukunja, gunia la mkaa na boksi la nyama, maana chama kilikuwa kinachoma nyama siku hiyo. Jeannine aliinama, akachungulia mpaka kwenye kona. "Nimeona, hakuna kitu," alisema. "Lakini sauti ni ileile." Nyama alikula.

Ndege hiyo huruka Jumamosi, na njia yake hupita juu ya mapaa ya mtaa wao, Troyeville. Sidney alikuwa ndani kila iliporuka, nyuma ya rubani, akisikiliza injini. Jeannine alizima cherehani, akaweka mikono juu ya kitambaa, akangoja imalize kupita. Hakumwomba mumewe aiache kazi ile. Na tuseme ukweli, mumewe hakujitolea kuiacha.

Mwezi Agosti 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Kufikia Februari hakuweza kupanda ngazi. Akawekewa kiti chini ya bawa, akawa anawaelekeza wenzake akiwa amekaa. Mwezi Mei mwenyekiti wa chama, Bwana Vosloo, alikuja nyumbani akasema siku ikifika ndege itapita kumuaga. Sidney alifurahi, jamani, tulimwona. Kisha akasema, "Muulizeni mke wangu, Mama Murielle. Mimi sitasikia, yeye atasikia." Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mama, Nekesa, anayetufuatilia kwa simu kutoka Kimilili na ambaye bado hajatusamehe kwa kumzika mbali, mjane, Jeannine, watoto wawili, Murielle na Cédric, wanaoelewa kila neno ninalosoma ila watawajibu kwa Kiingereza, mimi dada yake, na wanachama wa Germiston waliosimama pale nyuma na kamera zao.

Ninyi wa kamera, poleni. Bwana Vosloo alimuuliza Jeannine Jumatano. Mimi nami nilimsihi, nikalia, nikamwambia ni heshima ya kaka yangu na haitarudi tena. Jana alinijibu, na ninasoma kama alivyosema, kwa sababu hili mimi sikuwa nalijua:

"Kila Jumamosi ikishatua, alikuwa ananipigia simu: 'Mama Murielle, nimeshuka.' Hapo ndipo nilikuwa nawasha cherehani tena. Leo ikipita, nani atanipigia?"

Ndege haitapita. Mungu ampumzishe Sidney.