Waamuzi Watano wa Riverdale

Jumamosi mchana, mwaka wa tisini na nane, benchi lililo nje ya duka la kufulia nguo pale Riverdale, Marekani, kando ya barabara ya Route 1, lilikuwa limebeba watu watano na chupa moja ya kahawa. Kahawa ilikuwa ya Adela wa Tanga, aitwaye Spika kwa kuwa kila kikao hukifungua yeye. Ubavuni mwake alikaa Mutai. Upande wa pili alikaa Elkanah, kakake Mutai aliyehamia Fairfax, na Jabali, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni kwa bidii mpaka wakambandika jina Sanifu. Katikati, kama gogo la mpaka, Anatoli wa Bukavu. Ndugu hao wawili walikuwa na wiki tatu hawasemezani, wakimgombea mama yao aliyekuja kutoka Kericho kwa miezi sita. Kila mmoja ana mtoto mchanga, kila mmoja ana mke afanyaye kazi kwa shifti. Ila Mutai, ukimbana, angekiri kwamba si mtoto tu. Tangu Mama aje, kulikuwa na mtu wa kumwuliza kama amekula. Leo kijiwe kiamue. Mama alikuwa ndani, akikunja nguo.

— Kabla hatujaanza, akasema Jabali, nimesoma jambo la ajabu katika kitabu hiki. Karne iliyopita Uingereza na Venezuela ziligombea mpaka wa Guyana, koloni la Mwingereza. Marekani ikaingilia, ikamkaripia Mwingereza, nusura wapigane.

— Marekani ilimkaripia Mwingereza? Adela akashusha kikombe. Yule yule aliyetutawala sisi?

— Naam. Wakaenda Paris, wakateua waamuzi watano. Wakasikiliza kwa miezi mitatu. Kisha hukumu ikatoka, kurasa chache tu, haikutaja sababu hata moja. Mwingereza akapata sehemu kubwa.

Mutai alishika kichwa. Watu watano, meza moja, na nchi yenye mito na misitu inahama mikononi mwa mtu! Aliwaogopa watu hao kama anavyoogopa radi.

— Eish! Elkanah akapiga paja. Hao wasee hawakuwa wa mchezo. Na rula ni ileile iliyochora mpaka wetu na Tanzania. Ulaya nzima ilikuwa na rula moja, walikuwa waki-share.

— Ndiyo maana ilipofika Kilimanjaro ikapinda, jamani! Ilishachoka! Adela akasema. Na mie nasikia huko Guyana mstari wa Mwingereza ulikuwa unatembea. Ikionekana dhahabu, mstari unasogea. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, Elkanah akaongeza. Si Mmarekani alikuja? Mwenyeji akapona.

— Akapona nini, na nchi imekwenda?

Anatoli alikohoa.

— Na ile watano, walikuwa batu ya wapi?

— Waingereza wawili, Jabali akajibu. Wamarekani wawili kwa upande wa Venezuela. Na katikati, Mrusi.

Mutai alihesabu benchi: wawili huku, wawili kule, mmoja katikati.

— Anatoli, akanong'ona. Si hilo ni jina la Kirusi?

— Ni jina ya padri mwenye alinibatiza!

— Mrusi ni wewe! Adela akapaza sauti. Mungu ametupangia! Toa hukumu!

Anatoli alijinyoosha, akawa mrefu ghafla. Hata ndugu wawili waliketi wima.

— Bon. Mto Potomac ndiyo mpaka. Ngambo ya Fairfax, mama atakaa miezi mine. Huku kwa Mutai, miezi mbili. Sababu sitoi. Mrusi mwenzangu hakutoa.

— Imepita! Elkanah akasema.

Mutai aliumia, lakini ataikatalia vipi Paris? Akainamisha kichwa.

Mlango ulifunguliwa. Mama alitoka na kapu la nguo kiunoni, akasimama mbele yao. Nyumbani husema Kikipsigis. Hapa alichagua Kiswahili, ili kila mtu asikie.

— Nimewasikia. Hiyo nchi iliyogombewa, wenye nchi walikuwa wamekaa upande gani wa meza?

Jabali alifungua kitabu. Akafunua kurasa, akarudi nyuma, akafunua tena.

— Waamuzi walikuwa... Hapana, Mama. Mvenezuela simwoni.

Mutai alimtazama mama yake, mwenye umbo dogo, na woga wote aliokuwa nao kwa watu wa Paris ukamhamia Mama. Aliinuka haraka, akafuta nafasi yake kwa kiganja.

— Pole, Mama. Kaa hapa.

Mama aliitazama nafasi ile, kisha akawatazama wanawe, mmoja baada ya mwingine.

— Nikae hapa sasa hivi, ama kwa ile miezi miwili?