Jezi Saba na Masalia ya Jana

Saa kumi na mbili asubuhi, kando ya uwanja wa barafu wa Thunder Bay, benchi la wazazi lilikuwa na wenyewe: Orest, aliyeitwa Breki kwa kuwa hupinga kila jambo, na Reijo, aliyeitwa Profesa kwa kuwa hakuna asilolijua. Katikati yao Lorna alikaa na kompyuta mapajani na chupa ya kahawa miguuni. Mashindano ya hoki ni Jumamosi, jezi saba za watoto hazina majina, na programu ya cherehani yake ya kutarizi imegoma. Jana aliiondoa ili aisakinishe upya. Leo kompyuta inashikilia kwamba bado imo, na inakataa kuisakinisha.

— Masalia hayo, alisema Profesa. Yamebaki kwenye rejista, lile daftari la mashine. Ingia ufagie.

— Nimeshaingia. Nifute kipi?

— Chochote usichokijua.

— Sijui hata kimoja.

— Basi kazi nyepesi!

— Dada, funga hiyo kitu! Breki alidakia. Shemeji yangu alifuta mstari mmoja tu, printa ikaanza kutoa Kihungaria.

— Shemeji yako si Mhungaria?

— Printa ilijuaje? Na usiku lango la gereji likafunguka lenyewe!

— Mashine hunusa woga, bwana. Mimi hufuta huku napiga mluzi.

Lorna alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani, kidole kingali juu ya kitufe cha kufuta. Nyuma yao aliinama Odile, mama aliyehamia mjini wiki ile.

— Samahani jamani. Likiharibika hilo daftari, nakala yake iko wapi?

Profesa aliangalia barafu. Breki alitikisa chupa ya kahawa, tupu.

— Profesa, Lorna aliuliza, wewe umewahi kufuta mangapi?

— Kwa mkono wangu? Alikohoa. Kwa kusimulia, mengi.

Lorna akahifadhi nakala kwenye flashi, akatafuta jina la programu yake, akafuta kipengee kimoja chenye jina hilo, akaizima mashine na kuiwasha. Kabla watoto hawajavua viatu vya barafu, programu ikawa imekubali kusakinishwa.

Jumamosi jezi zote saba zilikuwa na majina. Benchi nalo lilikuwa na mto mpya, uliotariziwa kwa uzi mwekundu: NAKALA IKO WAPI? Breki alikataa kuukalia. Profesa aliukalia, akawaeleza wageni kwamba swali lile aliliuliza yeye.