Magoti Mbele ya Taarifa ya Habari

Treni ya kutoka Lagos ilikuwa haijafika hata Abeokuta, na wazee wawili waliokaa mbele ya Ewatomi, wasiojuana hata kwa jina, walishaanza kugombania vipindi vya televisheni vya mwaka sitini na tatu.

"Alhamisi saa moja jioni ni habari, halafu mieleka," alisema mzee mwenye kofia.

"Mieleka ilikuwa Jumamosi, baba," bibi akamkata. "Alhamisi ni maigizo. Wewe si umesema ulikuwa unachungulia televisheni kwenye madirisha ya watu, ratiba utaijulia wapi?"

Ewatomi alifunga kitabu chake. Hakikuwa na utamu huo.

"Dirishani ndiko nilikomwona mama yangu," mzee akacheka. "Mtangazaji akisema tu 'habari za jioni', wanawake wote magoti chini, kama wanavyosalimia wakubwa, wanamwitikia!"

"Wampigie magoti kijana mdogo vile?"

"Umri wake wangeujuaje, mama, na mtu mwenyewe anaonekana kuanzia kifuani kwenda juu tu?"

"Labda mtaani kwenu. Mimi nisalimie sanduku? Thubutu!"

Waliingia Ibadan wakiwa bado wanabishana. Bibi alikuwa amesimama, kikapu mkononi, kipaza sauti kilipokohoa: "Abiria wetu, habari za mchana. Tumefika Ibadan."

Bibi akakunja magoti. "Nzuri, baba. Poleni na kazi."

Mzee akafungua mdomo.

"Usiseme kitu," bibi akamwambia, akielekea mlangoni. "Mieleka ilikuwa Jumamosi."