Miguu ya Stelingi

Stelingi: Haloo? Ni nani? Kama ni habari za kuandikisha mtoto, piga jioni, niko katikati ya mazoezi.

Fundi: Stelingi.

Stelingi: Nani?

Fundi: Stelingi wa sinema ya "Kisasi cha Ngumi Saba". Au siku hizi unaitwa babu?

Stelingi: Siku hizi naitwa Mwalimu. Wewe nani? Simu inakwaruza.

Fundi: Mimi niliyekushonea suruali moja mara tatu kwa siku.

Stelingi: Fundi?

Fundi: Hujambo?

Stelingi: Sijambo... we, Fundi! Fundi cherehani! Mbona nilisikia umekufa?

Fundi: Hata mimi nilisikia. Nikaenda kuuliza, wakasema ni jirani.

Stelingi: Pole. Yaani, hongera. Yaani —

Fundi: Hao wanaopiga kelele ni nani?

Stelingi: Wanafunzi wangu. Nina shule ya kareti, hujui? Miaka arobaini na moja sasa.

Fundi: Najua. Mji mzima unajua. Sikiliza, unamkumbuka Bosi?

Stelingi: Aliyetuongoza kwenye picha? Nilimzika mwenyewe.

Fundi: Mjukuu wake ameikuta mikanda ya picha letu chini ya kitanda cha bibi yake. Ameisafisha kwa kompyuta, kipande kwa kipande. Wanalionyesha Jumamosi, saa tisa mchana, ukumbi wa maktaba.

Stelingi: Picha letu? Lile ambalo muuza mkaa aliuawa mara sita?

Fundi: Saba. Ya saba alibandikwa sharubu za brashi ya viatu ili asijulikane.

Stelingi: (anacheka) Na ile damu!

Fundi: Usinikumbushe. Ilikuwa rangi yangu ya vitambaa. Adui mkuu alienda kuoa wiki ile ile na masikio mekundu.

Stelingi: Mama mkwe akadhani ni ugonjwa! Na yule mzee wa ndevu za katani, niliyekuwa namlipia kisasi... si alikuwa afe kwa sumu?

Fundi: Karatasi ya Bosi ilisema sumu. Yeye akawasha sigara, ndevu zikashika moto.

Stelingi: Bosi akapiga kelele, "Usizime! Usizime! Picha hiyo!"

Fundi: Ngumi zenyewe zilikuwa nne tu, mimi nilizihesabu.

Stelingi: Ah, Fundi! Jumamosi nakuja. Nakuja na shule nzima, tunakaa mstari wa mbele.

Fundi: Ndiyo maana nimekupigia. Mikanda imesafishwa, Stelingi.

Stelingi: Safi sana.

Fundi: Imesafishwa mno.

Stelingi: Mno vipi?

Fundi: Pale kwenye ghala la mbao. Unaporuka, unageuka hewani, unawalaza watu wanne kwa teke moja.

Stelingi: Nani amesahau? Watu walipanda juu ya viti!

Fundi: Unaporuka.

Stelingi: Ndiyo.

Fundi: Wewe.

(Mkwaruzo.)

Stelingi: Fundi, ilikuwa zamani —

Fundi: Nauliza tu. Stelingi akiwa hewani, shingoni ana nini?

Stelingi: Utepe. Utepe wa manjano. Ndiyo alama ya shule, wanafunzi wote wanavaa.

Fundi: Wanavaa nini?

Stelingi: Utepe wa manjano, shingoni. Ni ishara ya heshima na — usicheke.

Fundi: Sicheki.

Stelingi: Nakusikia!

Fundi: Ni mtandao huo. Stelingi, ile ni tepu yangu ya kupimia nguo. Niliisahau shingoni. Yule mjukuu amenionyesha, sasa namba zinasomeka. Inchi ya kumi na saba iko hapa chini ya sikio. Na kofia imepanda, misuko yangu yote iko nje. Akaniuliza, "Bibi, huyu ni nani?"

Stelingi: Ukamjibu nini?

Fundi: Nikamwambia huenda ni jini.

Stelingi: Asante, Fundi. Mungu akuba—

Fundi: Hakuamini. Amenipa kipaza sauti na dakika kumi, Jumamosi.

Stelingi: Fundi, nakuomba. Sasa hivi nakuomba kama ndugu. Picha yangu iko mlangoni pa shule, kubwa, nimeinua mguu.

Fundi: Umeuinua?

Stelingi: Ume... uliegemezwa. Kulikuwa na stuli, tukaikata kwenye picha.

Fundi: Mimi niliitwa kushona, basi. Ukiinua mguu, suruali praa! Nashona. Ukiinua, praa! Mara ya tatu nikasema, hebu nipisheni niwaonyeshe, nina nguo za watu zinanisubiri.

Stelingi: Ulikuwa na miguu ya ajabu.

Fundi: Miaka tisa ya kukanyaga cherehani. Bosi akanivisha kofia, akaniambia, "Binti, geuza mgongo, na usipumue kama mwanamke." Mpaka leo natafuta wanawake wanapumuaje.

Stelingi: Mimi nilimwambia aandike jina lako.

Fundi: Ulimwambia?

Stelingi: Nilitaka kumwambia.

Fundi: Siku ya kwanza ya kuonyesha, nilikuwa nje pale mlangoni. Nimeshika koti lako, si ulisema nikushikie? Mkatoka. Wamekubeba mabegani, unapunga mikono. Kiatu chako kikanigonga hapa, kwenye paji la uso. Ndilo teke pekee ulilowahi kumpiga mtu.

Stelingi: Sikukuona.

Fundi: Najua.

Stelingi: Koti sikulifuata kwa sababu... Nilikuandikia barua.

(Mkwaruzo.)

Stelingi: Uliipata?

Fundi: Barua gani?

Stelingi: Basi. Si kitu.

Fundi: Niliipata. Mwandiko kama kuku amepita.

Stelingi: Hukujibu.

Fundi: Ilinikuta kwa mume, Stelingi.

Stelingi: Aha.

Fundi: Ndiyo.

(Kimya kirefu.)

Fundi: Mbona huko kumetulia? Walikuwa wanapiga kelele kama sokoni.

Stelingi: Wamekaa chini.

Fundi: Mapumziko?

Stelingi: Hapana. Fundi... sikio langu moja limekufa, la pili linauma. Simu zote napokea kwa spika.

Fundi: Umeweka spika saa ngapi?

Stelingi: Kwenye "haloo".

Fundi: Mungu wangu! Wako wangapi?

Stelingi: Kumi na tisa. Na binti yangu. Ndiye anayefundisha siku hizi, mimi nahesabu tu, moja, mbili.

Fundi: Anasemaje?

Stelingi: Hasemi. Anavua utepe.

Fundi: Jamani. Mimi sikutaka hivi. Nilipiga ili ujue wewe kwanza, usije ukaumbuka mbele za watu.

Stelingi: Si nimeshaumbuka?

Fundi: Ningesema tulikuwa wawili. Mmoja uso, mmoja miguu. Na uso ulikuwa uso kweli. Ulivyolia pale kaburini! Sanda nimeishona mwenyewe, ndani yake kuna magunia matupu, na bado nililia.

Stelingi: Nililia mwenyewe, unajua. Sikutiwa kitu machoni.

Fundi: Najua. Hapo hakuna aliyekusaidia.

Stelingi: Ngoja... Ngoja, Fundi. Anauliza kitu.

Fundi: Nani?

Stelingi: Binti. Anauliza, lile teke la kugeuka, ulianza na mguu upi? Anasema — taratibu, mama, si ninamweleza! — anasema ana miaka ishirini analipiga ninavyomfundisha, kila siku anaanguka, na mimi namwambia hana moyo.

Fundi: Unamfundisha akanyage upi?

Stelingi: Wa kulia.

Fundi: Wa kulia! Unataka kumvunja kiuno mtoto wako mwenyewe?

Stelingi: Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo nakunywa soda, sikuona vizuri!

Fundi: Wa kushoto! Mwambie akanyage wa kushoto kama anakanyaga cherehani, kisigino kisha vidole. Kichwa kigeuke kwanza, nyonga zifuate. Mguu wa kulia asiufikirie kabisa, utakuja wenyewe.

Stelingi: Umesikia? Kichwa kwanza. Sogeeni nyie. Sogeeni, nimesema!

(Kishindo. Makelele.)

Fundi: Haloo? Ameanguka? Haloo! Stelingi!

Stelingi: Amesimama.

Fundi: Nini kimelia hivyo?

Stelingi: Gunia la mazoezi. Limeng'oka na ndoano yake na kipande cha dari.

Fundi: Basi ndiyo hilo.

Stelingi: Fundi... ndivyo ulivyokuwa. Vile vile hasa.

Fundi: Usianze.

Stelingi: Jumamosi nasema mimi. Kipaza sauti nakishika mimi, nawaeleza yote, mpaka stuli. Wewe ukae tu.

Fundi: Nikae nina nini? Nitasimama wanione.

Stelingi: Binti anauliza kama unaweza kuja kabla. Anataka na lile teke la kwenye ngazi.

Fundi: Nina miaka sabini na tatu na goti moja zima!

Stelingi: Anasema utakaa kwenye kiti, utakuwa unasema tu —

(Mlio.)

Fundi: Hiyo nini? Ah, salio langu linaisha. Haya, mwambie asirudie mpaka nifike, atateguka. Nakuja sasa hivi, natafuta viatu. Na wewe —

Stelingi: Mimi nini?

(Mkwaruzo.)

Stelingi: Haloo? Fundi? Nyamazeni kidogo! Haloo? Mimi nini?